Kimraba kilichokataliwa Marekani, kisha kikapokewa bila kubadilishwa hata nukta

Jiweke kwenye kituo cha basi mjini Chicago, mwaka 2011. Mbele yako kuna bango la tangazo, na kwenye kona ya chini kuna kimraba cheusi na cheupe, mfano wa ubao wa drafti uliovurugwa. Pembeni yake kumeandikwa: skani hapa. Simu janja unayo. Unaitoa mfukoni, unafungua kamera, unaielekeza. Kamera inakuonyesha kimraba, na mambo yanaishia hapo, maana haijui hicho kitu ni nini.

Kumbe inahitajika programu. Ipi? Bango halisemi. Unaingia App Store, unaandika herufi mbili, QR, linakuja lundo. Unachagua moja kwa kubahatisha, unaandika neno la siri, unasubiri ishuke. Basi lako linajitokeza kwenye kona. Programu inafunguka, unainua simu, mkono unatetemeka, picha ina ukungu, unasogea mbele, unarudi nyuma, wenzako kituoni wanakutazama. Mwishowe unasikia mlio. Kivinjari kinafunguka na kukuletea ukurasa wa mbele wa kampuni, ule ule uliotengenezwa kwa kompyuta ya mezani, herufi kama sisimizi. Katikati ya ukurasa pana uwazi mtupu. Hapo palitakiwa kuwa na video ya Flash, teknolojia ya video za tovuti za wakati ule, na iPhone haikuwahi kucheza Flash.

Basi limeshaondoka.

Nimeanza na kituo cha basi kwa sababu mimi kazi yangu ni kubuni na kuchapa mabango, vipeperushi na stika, Dar es Salaam, na hakuna wiki inayopita bila mteja kuniambia "halafu weka na QR pale chini". Akiulizwa ya nini, wengi hunyamaza kidogo. Kwa hiyo nimekichimba hiki kisa cha Marekani kwa miaka: kimraba kile kile, chenye macho matatu yale yale, kilichekwa na kuzikwa kati ya 2011 na 2015, na kufika 2022 mamilioni ya watu walinyanyua simu zao kwenye makochi ndani ya dakika moja kukiskani. Kimraba hakikubadilika. Basi kilibadilika nini?

Jibu linalosikika sana ni mazoea: Wamarekani walichelewa kuzoea, corona ikawazoesha. Mimi silikubali, au tuseme nalikubali robo. Nikiifuata hesabu hatua kwa hatua, naona jambo moja linajirudia. Kila mahali ambapo jasho lilikuwa la mteja anayeskani na mavuno yakawa ya mwenye tangazo, kimraba kilikufa. Kila mahali ambapo hesabu hiyo ilipinduliwa, kiliishi, hata bila mtu kukipigia debe.

Namba za Juni 2011

Kampuni ya utafiti ya comScore ilitoa takwimu za mwezi Juni 2011: watu milioni 14 nchini Marekani, sawa na asilimia 6.2 ya watumiaji wa simu za mkononi, walikuwa wameskani msimbo wa QR au msimbopau kwa simu ndani ya mwezi huo. Watu wa matangazo walishangilia. Milioni 14 ni wengi, ukilitaja peke yake.

Sasa angalia walikuwa nani. Wanaume asilimia 60.5. Wenye umri wa miaka 18 hadi 34 asilimia 53.4. Wenye kaya zinazoingiza dola 100,000 kwa mwaka au zaidi, asilimia 36.1. Yaani vijana wa kiume wenye hela na simu mpya, watu ambao kujaribu kitu kipya kwao ni burudani. Hao hata ukiwapa kitasa watakifungua waone kuna nini ndani. Ukipima soko kwa kuwatazama hao, umejidanganya mwenyewe.

Ila namba iliyonigotesha ni nyingine. Asilimia 58 ya walioskani walifanya hivyo wakiwa nyumbani. Dukani walikuwa asilimia 39.4 (mtu mmoja aliweza kuhesabiwa kote kuwili). Na walichokiskani zaidi kilikuwa kwenye gazeti au jarida, asilimia 49.4, kikifuatiwa na vifungashio vya bidhaa, asilimia 35.3. Fikiria hapo. Kimraba kiliuzwa kama dawa ya mtu aliye njiani, aliyesimama, asiye na nafasi ya kuandika anwani ndefu ya tovuti. Wateja waliojitokeza walikuwa wameketi kwenye kochi, jarida magotini, intaneti ya nyumbani ipo, muda upo. Kochi liliwapa kile ambacho kituo cha basi hakikuwa nacho: dakika tano za kupoteza. Na kwenye kochi hilo hilo mara nyingi kuna kompyuta hatua mbili pembeni, kwa hiyo aliyekihitaji kimraba kidogo kuliko wote ndiye aliyekitumia.

Mwaka huo huo Archrival, wakala wa masoko ya vijana, waliwauliza wanafunzi 534 katika vyuo 24. Asilimia 81 walikuwa na simu janja. Asilimia 80 walishaviona vimraba hivyo. Walipopewa kimoja wakiskani, waliofanikiwa ni asilimia 21. Robo tatu walisema hawadhani kama wataskani siku za mbele. Hawa ni wanavyuo, mwaka 2011, simu mkononi tangu asubuhi. Ukisema tatizo ni ushamba hapo umekwama.

Jinsi kilivyozaliwa kikiwa na faida

Kimraba hakikuzaliwa kwa ajili ya matangazo hata kidogo. Kilizaliwa kiwandani. Kampuni ya Denso, ya Japani, inatengeneza vipuri vya magari, na wafanyakazi wake walikuwa wakiskani misimbopau ile ya mistari mpaka mara elfu kwa siku, maana mstari mmoja unabeba herufi chache na boksi moja lilibandikwa misimbo mingi. Mhandisi Masahiro Hara na wenzake wakatoa suluhisho mwaka 1994: badala ya kusoma kwa mlalo tu, soma kwa mlalo na kwa wima. Msimbo mmoja ukaweza kubeba tarakimu hadi 7,089.

Kuna jambo moja la ufundi ambalo sisi wachapaji tunalipenda. Yale macho matatu kwenye pembe ndiyo yanayoiambia mashine "mimi hapa, na nimeinama upande huu". Hara na wenzake walihofia jicho hilo lisije likafanana na kitu kingine kilichochapwa karibu yake, mashine ikachanganyikiwa. Wakakusanya machapisho, vipeperushi, majarida, maboksi, wakapima uwiano wa weusi na weupe, wakatafuta uwiano unaotokea kwa nadra kuliko mwingine wowote. Wakaupata: 1:1:3:1:1. Pitisha mstari katikati ya jicho lolote la QR, kwa upande wowote, utaukuta huo uwiano. Ndani pia kuna ziada ya data inayouwezesha msimbo kusomeka hata ukichafuliwa au kuchanika, mpaka kiasi cha asilimia 30 kwa kiwango cha juu kabisa. Kiwandani kuna grisi, walijua.

Na Denso, waliokuwa na hataza, wakatangaza kwamba hawatamdai mtu yeyote atakayeutumia kwa kufuata kiwango chake. Hilo ndilo lililokifanya kimraba kisambae bila mtu kuomba ruhusa.

Kuanzia 2002 simu za Japani zikaanza kutoka kiwandani zikiwa na kisomaji ndani. Mteja wa Tokyo hakupakua kitu, hakuamua kitu. Tena alikuwa na shida ya kweli: tovuti za simu zilikuwepo Japani tangu huduma ya i-mode ya mwaka 1999, na kuandika anwani ya tovuti kwa vitufe kumi na viwili, herufi za Kilatini kwa mtu anayeandika Kijapani, ni adhabu. Kimraba kilimwondolea adhabu hiyo, na upande wa pili kulikuwa na ukurasa uliotengenezwa kwa kioo cha simu. Mfanyakazi wa Denso alipunguziwa kazi, mteja wa Tokyo naye akapunguziwa kazi.

Kilichokwenda Marekani kilikuwa kimraba chenyewe tu, vile vingine vikabaki Japani.

Vitasa vinne kwa mlango mmoja

Marekani ilishakuwa na fununu ya jambo hili. Mwaka 2000 kampuni iitwayo Digital Convergence iligawa bure kifaa cha kuskania chenye umbo la paka, CueCat, kwa wasomaji wa majarida kama Wired na Forbes na kupitia maduka ya RadioShack. Ulichomeka paka kwenye kompyuta, ukachukua jarida ulilokuwa unasoma kitandani, ukaenda nalo mezani, ukampitisha paka juu ya msimbo, kompyuta ikafungua tovuti ambayo ungeiandika kwa sekunde sita. Kampuni nayo ikapata kujua umesoma nini. Mradi ulikufa haraka. Ningekuwa na bosi anayenisikiliza ningemwambia asome kisa cha paka kwanza kabla ya kuagiza QR.

Kufika 2009 simu janja zimeingia. Lakini iPhone ya kwanza ya 2007 na iPhone 3G ya 2008 zilikuwa na kamera isiyoweza kujirekebisha fokasi: kitu kikiwa karibu kinakuwa ukungu, na kimraba cha kwenye jarida lazima ukisogelee. Fokasi ya kujirekebisha ilikuja na iPhone 3GS, Juni 2009. Kwa hiyo ule mkono unaosogea mbele na kurudi nyuma pale kituoni haukuwa uzembe wa mwenye simu.

Kisha kukawa na utitiri wa misimbo. QR ya Kijapani ilikuwepo. Data Matrix ilikuwepo. Kampuni ya Scanbuy ilikuwa na wake, EZcode. Januari 2009 Microsoft wakaleta Microsoft Tag, wa pembetatu za rangi, mzuri kwa macho, ila ulisomwa na programu ya Microsoft na kupitia seva za Microsoft. Mteja aliyepakua kisomaji kimoja alikutana na msimbo wa aina nyingine kwenye jarida la wiki iliyofuata, akaskani, kimya. Ni nadra sana mtu kujaribu mara ya tatu. Kila kampuni ilitaka mlango uwe wake na funguo ziwe zake. Mteja akaachwa barazani. Tag yenyewe ilifungwa Agosti 2015, na stika zote zilizochapwa kwa mfumo huo zikawa mapambo. Kama ni wewe uliyelipia uchapaji wa maboksi, hapo ungelia.

Google nao wakajaribu. Desemba 2009 walituma stika za dirishani zenye QR kwa biashara zaidi ya 100,000 Marekani. Pita mbele ya mgahawa, skani, usome watu wanasemaje. Wazo si baya. Lakini mtu aliyesimama mbele ya mgahawa anaweza kuandika jina lake kwenye simu, au akachungulia ndani aone kama kuna watu. Kufika 2011 Google wenyewe waliacha kutumia misimbo hiyo kwenye huduma yao ya biashara.

Kati ya majaribio yote ya wakati ule, mawili nayaheshimu. La kwanza ni la kampuni ya mavazi Calvin Klein, Julai 2010: walichukua mabango makubwa New York na Los Angeles, wakaondoa picha ya mwanamitindo, wakaweka kimraba kikubwa chekundu na maneno mafupi ya kukualika uone kisichofichwa. Ukiskani unapata video fupi ya tangazo. Hapo angalau kuna chambo. Bango lenyewe halionyeshi kitu, kwa hiyo udadisi unakulipa. Na kimraba kikubwa kiasi kile hakihitaji kusogelewa. La pili ni la maduka ya Best Buy, yaliyoweka QR kwenye vibandiko vya bei mwaka huo huo. Mtu amesimama mbele ya televisheni tatu, hajui tofauti yake, muuzaji hayupo karibu. Skani, soma sifa zake na maoni ya walionunua. Hapo mtu ana swali kichwani kabla hajakiona kimraba, na sishangai kwamba asilimia 39.4 ya akina comScore waliskania dukani.

Yaliyobaki mengi yalikuwa vichekesho. Vimraba kwenye mabango ya ndani ya treni za chini ya ardhi, ambako mtandao haukushika. Vimraba kwenye mabango ya barabara kuu, dereva akiwa kasi. Nisicheke sana, mwaka jana nami nimechapa kimoja cha barabarani, Dar, juu mita nne. Nilimwambia mteja, akasema bosi wake ndiye anataka. Nilichapa. Pesa ni pesa.

Septemba 2017, hakuna aliyegonga ngoma

Tarehe 19 Septemba 2017 Apple walitoa iOS 11, toleo jipya la mfumo unaoendesha iPhone. Kati ya mambo mengi yaliyokuwemo, kamera ya kawaida ya iPhone ilianza kuitambua QR yenyewe. Fungua kamera, elekeza, tangazo dogo linashuka juu ya kioo, gusa. Hakuna programu ya kutafuta, hakuna neno la siri, hakuna aina nne za kisomaji. Upande wa Android, Google Lens na kamera za watengenezaji mbalimbali zikafuata njia hiyo hiyo.

Kwangu mimi hii ndiyo tarehe ya kisa chote, na inapita kimyakimya katika simulizi nyingi kwa sababu siku iliyofuata hakuna kilichotokea. Mabango hayakuongezeka, foleni hazikubadilika. Ila ile kazi ya kituo cha basi, hatua saba au nane, ilishatolewa kwa mteja na kupewa simu. Marekani ilifika pale Japani ilipokuwa 2002.

China nako, kwa njia tofauti, kazi hiyo ilikuwa imeshabebwa na programu ambayo watu walikuwa nayo tayari: WeChat, iliyoanza 2011 kama ya kuchati, ikawa na kisomaji ndani yake, na malipo yakafuata mwaka 2013. Muuza maandazi wa China hakuhitaji mashine ya kadi, alihitaji karatasi iliyochapwa. Mimi hapo naona mvunaji mpya: muuzaji mdogo. Marekani muuzaji alikuwa na mashine ya kadi na mteja alikuwa na kadi, kwa hiyo pengo hilo la kuzibwa halikuwepo, na ndiyo maana kimraba cha Marekani kilibaki mlango wa kwenda kwenye ukurasa na hakikuwa pochi.

Corona ilipokuja 2020, mlango ulishafunguliwa miaka miwili na nusu nyuma. Migahawa iliporuhusiwa tena, mwongozo wa taasisi ya afya CDC uliwataka waepuke menyu zinazopokezanwa na kutumia za kutupa au za kidijitali. Kimraba kikabandikwa mezani. Na safari hii mtu mwenye umri wa miaka sabini aliyekaa mezani na njaa yake alielekeza kamera, kikafunguka. Angekuwa na simu ya 2011 angemwita mhudumu. Corona ilitoa sababu, lakini bila ile kamera ya 2017 sababu ingegonga ukuta.

Halafu tazama kilichofuata, kwa kuwa hapa ndipo hoja yangu inapopimwa. Hofu ya kugusa vitu ilipopungua, migahawa mingi ilipenda kubaki na kimraba: bei unabadilisha bila kuchapa, wahudumu wachache wanatosha, na unajua nani kaangalia nini. Wateja wakaanza kunung'unika. Menyu nyingi zilikuwa PDF ya karatasi ile ile ya zamani, unaivuta kwa vidole viwili huku na huku kama unatafuta mtaa kwenye ramani, na mwenzako uliyetoka naye chakula cha jioni naye kainamia simu yake. Jasho likawa limerudi kwa mteja, mavuno kwa mwenye mgahawa. Baada ya muda migahawa mingi ikarudisha menyu ya karatasi. Wateja hao walikuwa wameshazoea kuskani vizuri kabisa. Kwa hiyo mazoea hayakuwa kitu cha kuamua.

Dakika moja ya Februari

Tarehe 13 Februari 2022, Super Bowl, fainali ya mpira wa Kimarekani, timu za Rams na Bengals. Katikati ya matangazo yenye mastaa na vichekesho vya gharama, kioo kinakuwa cheusi. Kimraba cha QR kinatokea, kinaelea taratibu, kinagonga ukingo, kinabadilika rangi, kinaelea kwenda upande mwingine. Wale waliokua na deki watakumbuka nembo ya DVD iliyokuwa ikirandaranda kwenye televisheni ukisahau kuizima. Sekunde 60 nzima karibu zote ni hivyo. Jina la kampuni, Coinbase, ya kuuza na kununua sarafu za kidijitali, lilikuja mwishoni kabisa. Ukiskani unafika kwenye ukurasa wa kujiunga: mgeni anapewa bitcoin ya dola 15, na kuna zawadi za jumla ya dola milioni 3.

Mkuu wa bidhaa wa kampuni hiyo, Surojit Chatterjee, alisema baadaye kwamba ukurasa ule ulitembelewa zaidi ya mara milioni 20 katika dakika moja. Mfumo ukazidiwa, ukaanguka kwa muda.

Watu wa matangazo walisifia ubunifu. Mimi naangalia kochi. Ni lile lile la asilimia 58 ya mwaka 2011: mtu yuko nyumbani, ameketi, simu mkononi. Tofauti ni kwamba sasa kuskani kunamgharimu sekunde mbili badala ya dakika tano, na mbele yake kuna kitu: kitendawili kwanza, kisha dola 15. Hata aliyepuuza sarafu za kidijitali aliskani ajue tu ni nini kile. Ni bango la Calvin Klein limerudi, miaka kumi na miwili baadaye, likiwa na kamera inayojua kusoma.

Kilichofuata baada ya kuskani ni habari nyingine. Bei za sarafu hizo zilianguka mwaka huo, na Juni kampuni ikapunguza asilimia 18 ya wafanyakazi wake. Kimraba kilishafanya kazi yake, kilifikisha watu mlangoni.

Jicho la binadamu halisomi

Mwezi mmoja kabla ya tangazo hilo kulitokea jambo ambalo watu wa masoko hawapendi kulitaja. Mwishoni mwa 2021 mjini San Antonio, na Januari 2022 mjini Austin, Texas, polisi walikuta stika za QR zimebandikwa kwenye mashine za kulipia maegesho. Ukiskani unapelekwa kwenye tovuti bandia, unaweka namba ya kadi yako, umeliwa. Jiji la Austin halikuwa likitumia QR kwenye mashine zake hata kidogo. Haikusaidia, stika ilionekana kama zilivyo stika zote. Tarehe 18 Januari FBI wakatoa onyo kwa nchi nzima kuhusu misimbo iliyochezewa.

Hii ni bei ya ule wepesi. Anwani iliyoandikwa kwa herufi unaweza kuitilia shaka kabla ya kuigusa. Kimraba huwezi kukisoma kwa macho, na kadiri simu inavyokurahisishia ndivyo unavyopungukiwa na sekunde za kujiuliza.

Nalinganisha na hapa kwetu. Duka ninalonunulia wino lina stika ya lipa namba kaunta. Juu kuna namba, katikati kuna QR. Nimesimama pale mara nyingi nikisubiri mzigo, na ninaowaona wengi wanabonyeza *150*00#, wanafuata menyu, wanaandika namba ya duka, kiasi, jina la duka linatokea, ndipo wanaweka namba ya siri. Benki Kuu imeweka kiwango cha pamoja cha misimbo, TANQR, ili mtandao wowote usomeke, na Kenya nao walitoa chao mwaka 2023, kwa hiyo lile balaa la vitasa vinne halitujii sisi kwa ukubwa ule. Hata hivyo watu wanabonyeza. Namba inakubali kwenye kiswaswadu, haiombi bando, haiombi kamera isiyopasuka, unaweza kuitaja kwa mdomo mtu akiwa Mwanza akakulipa, na jina linakuja kabla pesa haijatoka. Wataalamu wanaosema Watanzania "hawajafikia" QR nawashauri wasimame kaunta dakika ishirini.

Stika ya duka lile imepigwa jua miaka. Kimraba kimefifia kikawa cha kijivu, hata simu yangu inakigomea. Namba nayo ilianza kufifia, ila mwenye duka ameipitishia kalamu ya maka, tarakimu moja moja, na juzi ameipitishia tena.